Mume wangu anasema "tutaona", na mama mkwe anakuja Pasaka na binti

Shikamoo Mama Mwandishi,

Naandikia kwenye simu, nikikosea herufi nisamehe. Mimi ni mfanyabiashara mdogo wa dagaa hapa Mwaloni, Kirumba. Nina miaka 31. Nilizaliwa Kwimba, shangazi akanileta Mwanza nikiwa kidato cha kwanza, nikaishia cha nne. Mume wangu ni Mkerewe, fundi wa injini za boti. Tulifunga ndoa kanisani na huu ni mwaka wa nane. Hatuna mtoto. Mimba ziliingia mbili, zote zikatoka kabla ya mwezi wa nne. Ya pili ilinitokea sokoni, nimeinama nafunga gunia. Akina mama wenzangu walinizungushia kanga mpaka bajaji ikaja.

Mama mkwe wangu anaishi Ukerewe. Zamani alinipenda, akija alikuwa hakosi kunibebea machungwa. Siku hizi akija anahesabu. Anahesabu vyumba, anahesabu viti. Mwaka mpya alikuja, nikapika pilau, wageni wamejaa, akasema kwa sauti: "Nyumba ina sahani kumi na mbili, walaji wawili." Watu wakacheka. Mume wangu alikuwa amekaa palepale. Aliinuka akaenda nje kuangalia jenereta, na siku hiyo umeme ulikuwepo.

Sasa wifi yangu mkubwa amenipigia simu kunitonya. Mama anakuja tena Pasaka, na anakuja na binti wa jirani yao, eti wa kumsaidia kazi za ndani. Mimi si mtoto, Mama. Najua kazi gani.

Lakini mama mkwe siye anayeniumiza. Anayeniumiza ni huyu bwana. Hanipigi, hanywi, hela ya matumizi haikosekani, na hajawahi hata siku moja kunirushia neno la ugumba. Tatizo hasemi. Nikimuuliza mama akija na huyo binti tutafanyaje, jibu lake ni "tutaona". Nikimwambia twende hospitali wote wawili, ananiambia "wewe tangulia". Nimetangulia mara tatu. Nimekunywa na dawa za miti, mpaka leo nikisikia harufu ya mizizi inachemka kwa jirani tumbo linageuka.

Kitu kimoja anachokipenda ni kusoma. Hata gazeti lililofungiwa maandazi analikunjua, analinyoosha pajani, analisoma lote na mafuta yake. Kuna siku ulimwambia mwalimu mmoja aliyekuandikia kwamba kitabu kinaweza kutangulia mahali ambapo mtu anaogopa kuingia. Nitajie na mimi kitabu. Ila visiwe vile vya mafundisho ya ndoa, hivyo alishapewa parokiani, viko juu ya kabati vinashika vumbi. Muda wa kusoma ninao wiki za mbalamwezi, maana dagaa hazivuliwi na meza yangu inakuwa tupu. Bahati mbaya ndizo wiki ambazo yeye ana kazi nyingi kuliko zote, kwa sababu boti ziko nchi kavu.

Na niambie ukweli wako: nimruhusu tu aoe mke wa pili, na mimi nipumzike?

Mwenye Sahani Kumi na Mbili, Kirumba

*

Marahaba mwanangu,

Umeomba kitabu na kitabu utapata, tena nimeshajua ni kipi tangu nilipofika pale bwana alipokwenda kuangalia jenereta. Lakini kuna mambo mawili nataka niyaondoe mezani kwanza, maana hayo hayahitaji mtunzi wa riwaya.

La ruhusa ni fupi. Nyinyi mlifunga ndoa ya Kikristo kanisani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu ndoa ya namna hiyo kugeuzwa kuwa ya wake wengi maadamu wote wawili bado ni Wakristo. Kwa hiyo ruhusa unayoniuliza kama uitoe, huna. Ukimkubali huyo binti aingie, hataingia kama mke, atakuwa mtu aliyewekwa tu ndani ya nyumba yako, bila cheti na bila haki, akingojewa azae. Naye ana mama yake huko kisiwani ambaye pengine ameambiwa anakwenda mjini kujifunza kazi. Unapohesabu watakaoumia katika jambo hili, mhesabu na yeye.

La hospitali nitakaa nalo kidogo, ingawa mimi si daktari. "Wewe tangulia" ni maneno ya mtu anayeamini kwamba mimba ni mambo ya mwanamke tu. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba karibu mtu 1 kati ya 6 duniani hukutana na tatizo la kupata mtoto wakati fulani wa maisha yake, na madaktari watakwambia kuwa katika karibu nusu ya ndoa zenye shida hiyo upande wa mwanamume nao unahusika, peke yake au pamoja na wa mwanamke. Kupima mbegu za mwanamume ni kazi ndogo: siku chache za kujizuia, kikopo, maabara. Hakuna kuchomwa wala kulazwa. Mwambie ni sawa na kupima mafuta kabla ya kuteremsha injini nzima. Yeye ni fundi, anajua kwamba fundi anayefungua mashine kabla ya kuangalia mafuta anamlia mteja pesa. Na mimba mbili kutoka ni sababu ya kutosha ya kumwona daktari bingwa wa uzazi. Nendeni Bugando au Sekou Toure, mkaulize kliniki ya magonjwa ya wanawake, mkiwa wawili.

Halafu kuna neno umelitaja kwa kupita ambalo mimi limenishika: Kwimba. Ulicheza kwenye majaruba ya mpunga? Ulioga lambo na kuchota maji ya dimbwi? Kuna kichocho cha mkojo, ambacho huku kanda yetu kinapatikana zaidi kwenye madimbwi na majaruba ya bara kuliko kwenye ziwa lenyewe. Mayai ya minyoo yake yanaweza kukaa kwenye via vya uzazi vya mwanamke na kumdhuru miaka mingi bila yeye kujua, na ugumba ni mojawapo ya madhara yanayotajwa. Sisemi ndicho ulicho nacho. Nasema umwambie daktari ulikulia wapi, kwa sababu akisoma "Kirumba" kwenye faili lako atafikiria ziwa na samaki, hatafikiria jaruba. Kama kipo, dawa yake ni vile vidonge wanavyomezeshwa watoto shuleni. Vinaua mnyoo, ingawa makovu yaliyokwisha kuwekwa havifuti.

Basi. Sasa tuje kwenye kitabu.

Baada ya mwaka mpya nililala wiki nzima na malaria, na nikiwa na homa huwa siwezi kusoma kitu kipya. Najikuta narudi kwa wazee. Nikateremsha kwenye rafu *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali* cha Aniceti Kitereza. Ndiyo, jina ni refu hivyo, kama mtu anayekutambulisha kwa familia nzima mlangoni kabla hujakaa. Nilikinunua miaka ya tisini kwa muuza vitabu vya mitumba aliyekuwa akitandaza turubai kando ya barabara hapa mjini, juzuu ya kwanza tayari haina jalada. Hii ilikuwa mara yangu ya tatu kukisoma, na nikiri kwamba mara mbili za mwanzo nilikisoma vibaya. Nilikisoma kama mtunzi kijana mwenye haraka, nikitafuta visa. Safari hii nilikisoma kama mgonjwa, ukurasa kwa ukurasa, na kikanifungukia.

Kinasimulia nyumba kama yako. Myombekere na Bugonoka wanaishi Ukerewe kabla Wazungu hawajafika. Wanapendana, shamba lipo, ng'ombe wapo, mtoto hakuna. Ndugu wa mume wanaanza kusema. Wanamsema Bugonoka vibaya, wanamsukuma Myombekere aoe mwanamke mwingine wa kumzalia. Maneno yanawafikia wazazi wa Bugonoka, nao wanafanya ambalo wazazi wengi wa siku hizi hawalifanyi: wanakuja na kumchukua mtoto wao. Yaani wanasema, kama huyu kwenu ni wa kutukanwa, kwetu bado ana pa kulala.

Myombekere anabaki na nyumba baridi. Hapo ndipo mimi nilipokaa siku mbili bila kugeuza ukurasa, maana nilianza kumwona mume wako. Huyu naye hakuwa mtu mbaya, wala hakumtukana mkewe. Walitukana ndugu zake, naye alikuwepo. Kosa la Myombekere ni la kuwepo. Na Kitereza, bila kupandisha sauti, anamfanya alilipe. Inambidi afunge safari mpaka ukweni, akae mbele ya wakwe na wazee wao, asikilize kesi yake, na akubali faini. Faini yenyewe ni pombe ya ndizi, mitungi kadhaa, aipike na kuifikisha ukweni ndipo mke arudi.

Mtunzi wa leo angeandika mstari mmoja: "Akatengeneza pombe, akaipeleka." Kitereza hafanyi hivyo. Anakupeleka mpaka kwenye migomba, anakuonyesha ndizi zinavyoivishwa na kukamuliwa, vyombo vinavyotafutwa, watu wanaoombwa msaada. Nilipokuwa kijana nilikuwa naruka kurasa hizo. Sasa naona kwamba ndizo kitabu chenyewe. Msamaha wa Myombekere hauko mdomoni, uko mikononi. Kila ndizi anayoikamua ni neno ambalo hakulisema siku ndugu zake walipokuwa wanasema.

Ndiyo maana nakipendekeza kwa fundi wako. Mtu asiyeweza kuzungumza kuhusu moyo wake anaweza kuzungumza kutwa kuhusu namna kitu kinavyotengenezwa. Kitabu hiki kimejaa kazi za mikono: kujenga, kuvua, kulima, kutafuta dawa. Tena ni kazi za kwao. Ni Ukerewe ya babu wa babu yake, kisiwa hichohicho kilichomzaa mtunzi Kezilahabi, na nina wasiwasi kwamba hata yeye aliyezaliwa huko hajawahi kuambiwa kwamba kina kitabu kama hiki.

Nimtaje kidogo na mwandishi mwenyewe, kwa sababu kisa chake ndicho kinachonifanya nikiamini kitabu. Kitereza alizaliwa mwaka 1896, akasomea misheni na seminari, akaishi miaka mingi akifanya kazi na wamisionari. Riwaya hii aliiandika kwa Kikerewe, akaimaliza mwaka 1945. Nani angechapa kitabu kikubwa hivyo kwa lugha ya kisiwa kimoja? Kikakaa. Mwishowe mzee akakigeuza mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikakitoa mwaka 1980, juzuu mbili. Piga hesabu hapo: miaka 35 tangu aweke nukta ya mwisho. Mwaka uliofuata, 1981, akafariki. Mimi nikicheleweshewa kitabu miezi sita napiga simu mpaka mchapishaji anabadilisha laini.

Na hili ndilo nililotaka ulijue wewe kuliko yote. Kitereza na mkewe Anna walizeeka bila mtoto. Watoto wao hawakuishi. Alikuwa na watu wa kumwambia aoe mwingine, na hakuoa. Ndani ya kitabu, Bugonoka anapata mganga, anatibiwa, anazaa mtoto wa kiume na baadaye wa kike, ndio hao Ntulanalwo na Bulihwali wa kwenye jina. Mwandishi aliwapa watu wake wa kubuni kile alichonyimwa yeye. Usimlaumu, na sisi tunaoandika tunafanya hivyo kila siku. Lakini ukifika huko kwenye watoto, soma kwa moyo wa tahadhari. Usikishike kitabu kama watu walivyokishika kikombe cha Loliondo mwaka ule wa 2011. Mimi naziamini zaidi kurasa zile za kabla ya mtoto, ambapo mwanamume anajitwisha faini kwa ajili ya mke ambaye hajamzalia na hajui kama atamzalia. Hizo aliziandika mtu aliyekuwa anazijua.

Kasoro zake nazijua pia, nisije nikakuuzia mbuzi kwenye gunia. Mzee hana haraka kabisa. Salamu peke yake zinaweza kula nusu ukurasa, mgeni hakaribishwi bila kuulizwa habari za nyumba nzima. Kiswahili chake kina harufu ya Kikerewe, na kuna mahali utasoma sentensi mara mbili. Wanawake wa humo wanafanya kazi nyingi na kuamuliwa mambo mengi kuliko ninavyopenda. Na mganga hamtibu mume, anamtibu mke. Hapo mwambie bwana wako kwamba Kitereza alikuwa anaandika habari za kabla ya maabara.

Sasa namna ya kukitumia, maana ukimkabidhi tu, kitapanda juu ya kabati kuungana na vya parokiani.

Umesema wiki za mbalamwezi wewe huna kazi na yeye anazo tele. Nilipoisoma barua yako mara ya kwanza niliona ni kikwazo. Mara ya pili nikaona ni bahati. Mbebee chakula cha mchana bandani kwake. Keti juu ya ndoo au kifuniko cha injini, usimwambie umemletea kitabu. Anza kusoma kwa sauti, kama mtu anayejisomea. Mikono yake iko kwenye grisi, hawezi kukunyang'anya wala kutoka kwenda kuangalia jenereta. Masikio hayana kazi. Usianze na ugomvi wa ndugu. Anza na pombe ya ndizi. Nakuhakikishia hutamaliza kurasa tatu kabla hajakwambia, "Hapana, kwetu hawafanyi hivyo," au "Ngoja, rudia hapo." Siku hiyo usiulize kitu. Mwachie akueleze bibi yake alivyokuwa anafanya. Kesho yake rudi.

Siku ya tatu au ya nne, mkishazoea, rudi nyuma msome walivyofika mpaka hiyo faini. Ukifika Bugonoka anapochukuliwa na wazazi wake, funga kitabu na umuulize: "Ungekuwa wewe, ungeipika hiyo mitungi?" Swali lako la zamani, "tutafanyaje", lilikuwa na mlango wa nyuma. Anatokea hapo na "tutaona" yake. Hili halina. Lakini pia halimkabi koo, kwa sababu anayeulizwa ni Myombekere. Akinyamaza, mwache anyamaze, endelea kufungua bakuli la ugali. Wanaume wa aina hiyo hujibu usiku, taa ikishazimwa, ukidhani amelala.

Akijibu, na jibu likiwa lile unalolitaka, usiishie kulia kwa furaha. Muombe kitu kimoja, na uombe hicho tu. Ampigie mama yake simu kabla mama hajapanda meli pale Nansio. Amwambie kwa lugha yao, si kwa Kiswahili, kwamba anamkaribisha Pasaka na anamkaribisha peke yake, na kwamba habari za mtoto ni za watu wawili na wanazishughulikia wawili. Dakika moja inatosha. Hayo maneno yakitoka kwako ni ukosefu wa adabu, yakitoka kwake ni mwanamume anayesimama nyumbani kwake. Wewe usimsemee. Miaka minane umemsemea vya kutosha, ndiyo maana umetangulia hospitali mara tatu.

Kalenda iko upande wako. Pasaka yenyewe inahesabiwa kwa mwezi, ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu. Maana yake mama mkwe atakukuta uko nyumbani, meza ya dagaa iko tupu, huna pa kujificha. Lakini maana yake pia kabla ya hapo una mbalamwezi moja kamili ya kwenda na kitabu bandani. Itumie hiyo.

Na mama akija na binti hata hivyo? Wazee huwa wanakuja na walichokusudia. Mpokee binti kama mgeni, mpe chai, alale chumba kimoja na mama mkwe, na siku ya kuondoka mpeni nauli ya kurudi mkononi mwake mwenyewe. Mume wako ndiye aitoe, mbele ya mama.

Halafu jioni moja, kama roho yako itakuwa imetulia, msomee mama mkwe. Nasema kweli. Msomee zile kurasa za ndizi. Mwanamke wa umri wake kutoka Ukerewe atakuwa na neno juu ya kila mstari, atakukosoa matamshi ya majina, atasema huyo Kitereza amesahau kitu. Mtu akishakufundisha jambo ni vigumu kidogo kuendelea kukuhesabia sahani. Sikuahidi kwamba atakupenda. Anao uchungu wake, anataka mjukuu, na hilo si dhambi. Dhambi ilikuwa kuusemea uchungu huo mbele ya wageni na pilau yako mdomoni.

Kitabu chenyewe hakipatikani kirahisi. Ulizia maktaba ya mkoa, ulizia walimu wa Kiswahili unaowafahamu, na ukimwona muuza mitumba wa vitabu usimpite. Wakati huo unatafuta, nimefunga juzuu yangu ya kwanza kwenye bahasha ya kaki, isiyo na jalada, yenye doa la chai ukurasa ule Myombekere anapoingia ukweni. Nimeiacha kwa mhariri wa safu hii, taja tu sahani ni ngapi, utapewa.

Ya pili ninabaki nayo. Nitaileta mwenyewe Mwaloni siku utakayoniandikia alijibu nini kuhusu mitungi.